Kivumbasi cha Kichuguuni

Siku ya kwanza nilipowasha moto chini ya pipa langu hapa Msowero, jirani yangu alikuja akinusa hewa tangu barabarani. Akakuta pipa limefunikwa, mfuniko umezibwa kwa udongo, bomba la shaba limechomoza juu na kuzama kwenye ndoo ya maji baridi, na ncha ya bomba inadondosha matone chupani. Akatazama huku na huku, akashusha sauti: "Mwalimu, na wewe umeanza kupika gongo?"

Simlaumu. Mtambo wa gongo na mtambo wangu ni watoto wa tumbo moja, wanatofautiana kwa kilichomo pipani tu. Mpika gongo hutia pombe iliyochacha. Mimi nilikuwa nimetia majani ya kivumbasi, kilo 20 nilizopima kwenye mzani wa dukani. Jioni ile nilipata mafuta yasiyojaza hata kikombe cha kahawa ya kijiweni. Jirani alitia kidole, akanusa, akasema, "Hii mbona karafuu?" Hakujua kwamba amesema jambo litakalonikosesha usingizi miezi mitatu baadaye.

Nilifundisha kemia katika shule za sekondari kwa miaka 31. Nilipostaafu nilirudi kwa wajomba, kama inavyompasa Mkaguru, maana kwetu ukoo hufuata upande wa mama. Msowero ipo kwenye barabara ya Dumila kwenda Kilosa, tambarare ya mpunga, mahindi na ufuta, na milima ya Ukaguru imetukalia upande wa magharibi. Kivumbasi hapa hakipandwi na mtu. Kinajiotea kando ya njia, kwenye mahame, nyuma ya vyoo, na kikiachwa hufikia kimo cha mtu. Nikaona mali imelala.

Chupa ya kwanza niliipeleka kwa mtengenezaji mmoja wa sabuni na mafuta ya kuchua kule Dar es Salaam. Akasifu, akalipa papo hapo, akaomba nyingine. Kwa kuwa kivumbasi cha karibu nilikuwa nimekimaliza, nikamwomba mtoto wa mjomba aliyeko Mamboya, kule juu milimani, anikatie magunia manne na kuyateremsha kwa gari. Nikakeneka, nikatuma. Wiki haikupita simu ikalia.

"Mama, haya siyo yale. Umechanganya nini humu?"

Sikuwa nimechanganya kitu. Chupa ilirudishwa kwa basi mpaka Dumila, nikaifuata kwa bodaboda, na njia nzima nilijisikia kama mwanafunzi aliyesingiziwa kuibia mtihani. Nyumbani nilikuwa nimebakiza mafuta kidogo ya chupa ya kwanza. Nikaweka zote mbili mezani na kunusa. Ya kwanza ilinuka karafuu na chumba cha daktari wa meno. Ya pili ilinuka dawa ya kusukutua kinywa, kali, yenye ukavu fulani. Nikadondosha tone la kila moja kwenye glasi ya maji. La kwanza likazama taratibu, la pili likaelea.

Kwa mtu aliyekula chaki miaka 31, hilo tu linatosha kumkosesha usingizi.

Kabla sijaenda mbele, nieleze mafuta haya ni nini, maana si mafuta ya kupikia. Ukidondosha alizeti kwenye karatasi, doa halitoki. Ukidondosha mafuta ya kivumbasi, ya mchaichai au ya mkaratusi, baada ya muda karatasi inabaki nyeupe, au inabaki na kivuli hafifu tu. Yameruka. Ni mafuta ya harufu, na ndiyo yanayokufikia puani unapopita kando ya mmea. Ndani ya jani la kivumbasi hayajasambaa kama maji ndani ya sifongo. Yamewekwa kwenye vitezi vidogo vilivyokaa juu ya ngozi ya jani. Kwa hadubini ya shule vinaonekana kama vipuli vinavyong'aa. Kila kimoja ni kifuko, na ukifikicha jani unavipasua. Jani changa lina vitezi vilivyosongamana. Likitanuka, vitezi hivyohivyo vinatawanyika kwenye eneo kubwa zaidi, ndiyo maana kilo ya majani makuukuu mara nyingi hutoa mafuta machache kuliko kilo ya machanga.

Mchanganyiko huo wa mafuta una vitu vingi, kumi, ishirini, hata zaidi. Lakini mara nyingi kuna kimoja au viwili vinavyotawala, na mtawala huyo ndiye anayeamua harufu na kazi ya dawa. Kwenye karafuu mtawala ni eujenoli. Kwenye mchaichai ni sitrali, ndiyo maana chai yake inanukia limau. Kwenye mkaratusi wa dawa za kifua ni sineoli. Watu tumezoea kudhani kila mmea una mtawala wake mmoja, kama kila wilaya na mkuu wake. Kivumbasi hakijasikia habari hiyo.

Mwaka 1981 wanakemia wawili, Chogo na Crank, walichapisha uchunguzi wa kivumbasi cha Tanzania, kile ambacho siku hizo kiliandikwa kwa jina la Ocimum suave na leo wataalamu wengi wanakiweka ndani ya Ocimum gratissimum. Walikuta mtawala ni eujenoli, na wakaonyesha kwamba inafukuza mbu. Mwaka 2007 yakachapishwa matokeo ya kivumbasi cha Meru, Kenya: eujenoli tena, karibu asilimia 69 ya mafuta yote. Hadi hapo unaweza kudhani umemjua mwenyeji. Lakini mwaka 1987 watafiti walikuwa wameshachunguza mafuta ya kivumbasi kilekile kilichokuzwa Rwanda, na wakakuta anayeongoza ni thimoli. Thimoli ndiyo inayoipa harufu dawa ya kusukutua kinywa.

Mmea mmoja, jina moja, majani ambayo mimi na wewe hatuwezi kuyatenganisha kwa macho, na ndani yake dawa mbili tofauti. Hata namna ya kuzitengeneza ni mbali mbali. Mmea hutengeneza eujenoli kwa kuanzia kwenye kijenzi kimojawapo cha protini, na thimoli hutoka kwenye njia nyingine kabisa, njia ya jamii ya terpini. Ni kama karakana mbili ndani ya ua mmoja, fundi seremala huku na mhunzi kule, na vinasaba ndivyo vinavyoamua karakana ipi ifunguliwe milango na ipi ifungwe kufuli.

Sasa turudi kwenye chupa zangu. Kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, ikiyeyushwa kwenye maji huvuta eujenoli na thimoli na kuziingiza majini, na mafuta yaliyobaki huelea. Ni kipimo cha zamani cha mafuta ya karafuu, nami nilikuwa na silinda ya kupimia niliyoondoka nayo shuleni (kwa ruhusa). Nikatikisa, nikaacha mpaka asubuhi. Ukijaribu, vaa glavu na miwani, kostiki haina mchezo na jicho. Chupa ya kwanza: kilichobaki kinaelea kilikuwa kama robo. Chupa ya Mamboya: zaidi ya nusu ilibaki juu. Kostiki haikuniambia jina la kilichozama, ila pua ilikuwa imeshasema.

Lakini nisijisifu, maana hapo nilikuwa nimefanya kosa ambalo ningemkata maksi mtoto wa kidato cha pili. Nilibadilisha mambo matano kwa mpigo. Kivumbasi cha pili kilitoka mashina mengine, kwenye udongo mwingine, juu milimani kwenye baridi, kilikatwa msimu mwingine, tena kilisafiri siku nzima ndani ya gunia. Nitasemaje kwamba kisa ni hiki au kile?

Dawa ya kosa hilo inajulikana na kila mkulima aliyewahi kulinganisha mbegu mbili: zipande kwenye tuta moja. Nikaleta vijiti vya kivumbasi cha Mamboya, nikakata na vya hapa Msowero, kando ya kisima, nikavichomeka kwenye kitalu kimoja nyuma ya jiko, mstari kwa mstari. Jua lilelile, samadi ileile, ndoo ileile ya maji. Baada ya miezi minne nikavuna mistari yote siku moja, saa moja, nikakeneka kila mmoja peke yake.

Cha Mamboya kilielea. Cha kisimani kikazama. Kuhamia tambarare hakukukibadilisha. Kilichozaliwa nacho mlimani kilikuja nacho.

Hapo ndipo nilipoanza kumsikiliza mjomba.

Mjomba ni mzee wa ukoo wetu, mwenye miaka inayokaribia 90, na watu humfuata kwa maumivu ya jino na tumbo. Kila mara nilikuwa namwona akipita kivumbasi kilichosimama mlangoni pake na kwenda mpaka kichuguu kikubwa kilichokuwa ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Nilidhani ni mazoea ya uzee. Siku hiyo nikamfuata.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kujifunza au kufundisha?"

Nikamwambia nimekuja kuuliza kwa nini anakiruka cha mlangoni. Akachuma jani, akalifikicha, akaninusisha. Kisha akatafuna ncha yake na kunipa nami nitafune. "Cha mlangoni ni cha kufukuza mbu. Cha jino ni hiki. Kikikufisha ulimi ganzi, ndicho. Kisipokufisha, kitie kwenye chai."

Ulimi wangu ukafa ganzi. Eujenoli hutia ganzi, na madaktari wa meno wameitumia kwa muda mrefu kwa sababu hiyohiyo. Mjomba hajawahi kuingia maabara, lakini ana kipimo, na kipimo chake kinapima kitu kilekile nilichokuwa nakihangaikia kwa kostiki. Amekuwa akichagua shina, wala hachagui jina la mmea.

Tulipotofautiana ni kwenye sababu. Yeye anasema nguvu imo kwenye kichuguu, mimi nikasema imo kwenye shina. Nikakata vijiti, nikavipanda nyuma ya jiko mahali pasipo na kichuguu wala mchwa. Vilipokua nikampelekea jani. Akatafuna, akanyamaza, akasema, "Basi umekihamisha na kichuguu chake." Sikubishana zaidi. Na kwa kweli kichuguu kilikuwa na sehemu yake: udongo wa mchwa una rutuba kuliko wa kandokando, na shina lile mama lilikuwa na majani mengi kuliko watoto wake wote wa kwangu. Vinasaba viliamua aina ya mafuta. Kichuguu kiliongeza mzigo wa majani.

Hayo mawili watu huyachanganya sana, na wauza mbegu wanajua tunayachanganya. Swali la "mafuta ya aina gani" na swali la "mafuta kiasi gani" hayajibiwi na kitu kimoja. La kwanza kwa sehemu kubwa ni la ukoo. La pili linaingiliwa na kila kitu: mvua, kivuli, umri wa jani, samadi, saa ya kuvuna. Mwezi wa Oktoba hapa Msowero, kabla ya vuli, kivumbasi kinabaki na majani madogo, magumu, yanayonuka ukiwa hatua tano. Kilo moja ya majani hayo hunipa mafuta zaidi kuliko kilo ya mwezi wa Aprili wakati masika yameyajaza maji. Watu wakisikia hivyo husema, basi nisimwagilie. Subiri. Kichaka cha Oktoba kinanipa kilo moja, cha Aprili kinanipa tano. Piga hesabu mwenyewe ni kipi kinachojaza chupa.

Kuna mimea isiyotusumbua hivi. Mchaichai karibu hautoi maua kwetu. Tunaugawa kwa kung'oa kikonyo na kumpa jirani, jirani akampa shemeji, kwa hiyo mchaichai wa nusu ya kijiji huenda ni shina moja lililotembea. Kivumbasi kinazaana kwa mbegu, na maua yake nyuki hawayaachi. Kila mbegu ni mtoto mwenye baba asiyejulikana. Ukiokota mbegu chini ya shina zuri umeokota bahati nasibu.

Na kuna mimea inayobeba tofauti hizo ndani ya mwili mmoja. Nenda Matombo, upande wa Uluguru, uulize mdalasini. Ganda la mti lina mafuta yanayotawaliwa na kile kinachoitwa sinamaldehaidi, ndiyo harufu ya mdalasini wenyewe. Majani ya mti huohuo yamejaa eujenoli, yananuka karafuu. Mizizi yake ina kafuri, ile watu wa pwani wanaiita karafuu maiti. Mtu akikuuzia "mafuta ya mdalasini" una haki ya kumwuliza ametoka nayo wapi kwenye mti. Pemba nao wanajua hesabu ya viungo vya mti mmoja: karafuu kavu zinaweza kuwa na mafuta asilimia 15 hadi 20, makonyo kama 5 au 6, majani 2 au 3. Kiwanda cha Wawi, Chake Chake, kinakeneka makonyo, kile ambacho mwingine angekifagia kama taka.

Mfano unaonisisimua kuliko wote umetoka Australia. Mwaka 1990 watafiti waliandika habari za mkaratusi mmoja uliovamiwa na mbawakawa. Mti mzima ulipukutika majani isipokuwa tawi moja lililobaki la kijani kana kwamba limefunikwa chandarua. Walipopima wakakuta majani ya tawi lile yana mafuta tofauti na ya matawi mengine ya mti uleule, yana sineoli nyingi mno. Tawi moja lilikuwa limebadilika katika kukua kwake, na wadudu walilitambua kabla ya wanakemia.

Swali la mtoto yeyote mwerevu darasani lingekuwa: kwa nini mmea usichague fomula moja iliyo bora ukatulia nayo? Kwa sababu adui si mmoja. Mafuta haya mmea hautengenezi kwa ajili ya pua zetu wala kikohozi chetu. Ni ulinzi dhidi ya wadudu, ukungu na meno ya mbuzi. Kinachomshinda mdudu wa bondeni huenda kisimtishe wa mlimani, na kila ulinzi una gharama yake. Kusini mwa Ufaransa, karibu na kijiji cha Saint-Martin-de-Londres, kuna mmea wa thaimu, jamaa wa mbali wa kivumbasi, wenye aina sita za mafuta kwa sura moja. Zile zenye thimoli na mwenzake karvakroli zilikaa kwenye miteremko yenye joto, kwa kuwa baridi kali ya ghafla iliziua. Kwenye bonde ambalo baridi hutuama zikatawala aina nyingine. Miaka ya karibuni baridi imelegea, na utafiti uliotoka mwaka 2013 ulionyesha zile za thimoli zimeanza kuingia mahali ambapo miaka ya 1970 hazikuwepo. Hali ya hewa ikibadilika, hata yaliyomo ndani ya dawa huhama, na sura ya jani haikuambii.

Kuhusu saa ya kuvuna nilikuwa na ubishi na kila mtu. Wazee wanasema kabla ya jua. Vitabu vingi navyo vinapendelea asubuhi umande ukishakauka. Lakini uchunguzi mmoja wa Brazili, uliochapishwa mwaka 1999, ulihusu kivumbasi hikihiki, na ulikuta eujenoli ni asilimia 98 ya mafuta kwenye saa 6 mchana, na asilimia 11 tu kwenye saa 11 jioni. Saa tano tu, mmea uleule! Nilipousoma nilitoka mbio na kisu. Nikavuna asubuhi, mchana na jioni, siku tatu mfululizo. Yote yakazama. Kivumbasi changu hakina mabadiliko makali kiasi hicho, au silinda yangu haiyaoni. Sijamtupa Mbrazili wala sijamtupa mzee. Ila tangu siku hiyo naandika saa kwenye kila chupa, na ndivyo ninavyomshauri kila anayekeneka: andika shina, tarehe, saa, na kama mvua ilinyesha jana.

Ukaushaji nitausema kwa ufupi maana unatia hasira. Ukitandaza kivumbasi juu ya turubai juani, na mtaa mzima ukanukia, usifurahi. Hiyo harufu ndiyo fedha yako inaondoka. Kivulini, kwenye hewa, juu ya kichanja, basi.

Mtu ataniuliza haya yananihusu nini mimi niishiye mjini nisiyekeneka kitu. Kumbuka mwaka 2020, wakati wa korona. Nchi nzima ilikuwa chini ya mablanketi ikipiga nyungu: kivumbasi, mchaichai, mkaratusi, majani ya mpera, limau. Sokoni Morogoro mafungu ya majani yalikuwa yanaisha kabla ya saa nne. Mmoja alisema nyungu yake imemfungua kifua, jirani yake akasema hakusikia kitu ila joto, na tukabishana kana kwamba tumetumia dawa moja. Huenda mmoja alichemsha karakana ya seremala na mwingine ya mhunzi. Hatukuwa na njia ya kujua, kwa sababu tuliuziana jina tu.

Nchi yetu ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, ina baraza lake, na Muhimbili wamekuwa wakichunguza dawa za asili tangu mwaka 1974. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini dawa haiwezi kuwa na dozi kama kilichomo ndani yake hakijulikani. Kijiko kimoja cha nini? Na mafuta yaliyokenekwa si chai ya majani: ni makali, yanaunguza, hayanywewi, na mtoto mdogo asiachiwe chupa.

Kenya wana mfano wa kuigwa. Wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Kakamega, kikundi cha Muliru, wakisaidiana na watafiti wa kituo cha utafiti wa wadudu, ICIPE, hawakutegemea kuokota porini. Walipanda shambani jamaa mwingine wa kivumbasi, anayeitwa kwa jina la Kilimanjaro, Ocimum kilimandscharicum, ambaye mafuta yake yana kafuri nyingi, wakayakeneka, wakatengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mwaka 2010 walipata Tuzo ya Ikweta. Jina la mlima ni letu, dawa wakaitengeneza wao. Linaniuma kidogo, nisifiche.

Kiangazi kilichopita kichuguu cha mjomba kilibomolewa. Aliyekibomoa hakuwa na ubaya, alihitaji udongo wa matofali, na udongo wa kichuguu ni mzuri kwa matofali. Shina liling'olewa likatupwa kando ya tanuri. Nilipofika nilikuta majani yamenyauka, bado yananuka karafuu. Mjomba alipoambiwa hakusema neno, akaomba apelekwe nyuma ya jiko langu. Akatafuna jani la mstari wa tatu, akakaa nalo mdomoni kitambo, akatikisa kichwa kukubali.

Kwa hiyo nawaomba. Kama kwenu kuna shina ambalo bibi yako alikuwa akilifuata mbali huku mengine yamejaa mlangoni, usingoje kuuliza sababu, na usichukue mbegu. Kata vijiti vya urefu wa shibiri chini kidogo ya kifundo, toa majani ya chini, vichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Kwa wiki mbili au tatu vitakuwa vimeshika mizizi. Vipe namba, si jina tu.

Na anayetaka vya kichuguuni, nyumba yangu iko hapa Msowero, ulizia mwalimu anayepika kitu kinachonuka. Njoo asubuhi, na gunia lililoloweshwa maji. Mashina yapo 14, siuzi vijiti, natoa.